Namna ya Kupima Thamani ya Mchezaji Chipukizi wa Kikapu katika Dakika za Lala Salama

Miaka kadhaa iliyopita, kwenye uwanja wa saruji mjini Moshi, nilimchagua kijana mmoja kuingia katika kikosi cha mkoa kwa sababu ya mpira mmoja tu. Timu yake ilikuwa nyuma kwa pointi 1, sekunde zikiwa zinayoyoma, naye akaurusha kutoka pembeni, ukagonga ubao na kutumbukia, watu wakavamia uwanja. Wiki mbili baadaye, nilipolisoma kwa utulivu daftari la msaidizi wangu, niligundua kwamba katika dakika 2 zilizotangulia kijana yule yule alikuwa amepoteza mpira mara 3, na kwamba uongozi wa pointi 6 ulioyeyuka ulikuwa kazi ya mikono yake. Aliyeliokoa jahazi ndiye aliyelitoboa, na mimi nilikuwa nimeona nusu ya pili ya habari.

Utaratibu ninaoueleza hapa niliuanza baada ya kosa hilo, na ninautumia hadi leo ninapotazama michezo ya shule, ligi za mitaa na mashindano ya shule za sekondari ya UMISSETA kati ya Moshi na Arusha. Unahitaji daftari, kalamu, saa na msaidizi mmoja mwenye subira. Simu ya kurekodi itakufaa, ingawa si lazima.

Hatua ya 1: Weka mpaka kabla mchezo haujaanza

Katika ligi ya NBA ya Marekani, takwimu za lala salama huhesabiwa katika dakika 5 za mwisho za robo ya nne na katika muda wa nyongeza, tofauti ya pointi isipozidi 5. Tangu msimu wa 2022–23 ligi hiyo hutoa hata tuzo ya mchezaji bora wa kipindi hicho, yenye kikombe kilichopewa jina la Jerry West, na De'Aaron Fox ndiye aliyeitwaa kwa mara ya kwanza. Hata hivyo, mchezo wao una dakika 48, ilhali wetu unaofuata kanuni za FIBA, shirikisho la kimataifa la mpira wa kikapu, una dakika 40. Kwa hiyo mimi huhesabu dakika 4 za mwisho, yaani sehemu moja ya kumi ya mchezo, pamoja na dakika 5 za nyongeza zikiwapo, na tofauti ya pointi 5 naiacha ilivyo. Pale waandaaji wanapofupisha robo ili kuliwahi giza, chukua sehemu ile ile ya kumi.

Mpaka huo uandikwe juu ya ukurasa kabla ya mpira wa kwanza kurushwa. Ukisubiri mchezo uanze, utajikuta unausogeza mbele au nyuma ili umfae mchezaji uliyekwisha kumpenda.

Hatua ya 2: Tenganisha alichoamua na kilichotokea

Gawa ukurasa katika safu nne: muda uliobaki, matokeo ya wakati huo, uamuzi wa mchezaji, na tokeo lake. Safu ya tatu na ya nne zisichanganywe hata kidogo. Kijana anaweza kutoa pasi sahihi kwa mwenzake aliye peke yake chini ya pete, na mwenzake akakosa. Uamuzi ni mzuri, tokeo ni baya. Mwingine anaweza kuurusha mpira huku amezungukwa na watu wawili na ukaingia. Katika daftari langu kila uamuzi hupata alama 2 ukiwa sahihi, 1 ukiwa wa kuvumilika, na 0 ukiwa wa hovyo, na alama hiyo huandikwa papo hapo, kabla sijajua kama mpira umeingia. Jambo hili la mwisho ni gumu kuliko linavyosikika, na ndiyo sababu msaidizi huandika tokeo, nami huandika uamuzi.

Hatua ya 3: Pima namna anavyoisoma saa

Hapa ndipo ninapotumia muda wangu mwingi, kwa kuwa hofu ya mchezaji chipukizi huanza kuonekana kwenye hesabu kabla haijaonekana mikononi.

Tuseme timu yake inaongoza kwa pointi 2, zimebaki sekunde 35, na ndiyo kwanza imepata mpira. Saa ya kushambulia, yaani muda ambao timu yenye mpira lazima iwe imerusha, ina sekunde 24, hivyo ikiutumia muda wote, wapinzani watapata mpira zikiwa zimebaki kama sekunde 11, nao watalazimika kuharakisha. Kijana anayeona upenyo na kurusha zikiwa zimebaki sekunde 28 anawapa wapinzani, endapo atakosa, muda wa kutosha kupanga shambulio zima. Ikiwa upenyo huo ulikuwa wa kufunga chini ya pete bila kuzuiwa na mtu, nampa alama 1. Ikiwa ulikuwa wa kurusha kutoka mbali, nampa 0, hata kama umeingia.

Geuza hali. Timu yake iko nyuma kwa pointi 3, zimebaki sekunde 40. Chipukizi wengi huamini kwamba lazima wapige mrusho wa pointi 3, nao huulazimisha mbele ya mlinzi aliyekwisha kuusubiri. Ukweli ni kwamba kikapu cha haraka cha pointi 2, kikifungwa zikiwa zimebaki sekunde 33, huiacha timu nyuma kwa pointi 1, na kwa kuwa wapinzani wanalazimika kurusha ndani ya sekunde 24, zitabaki kama sekunde 9 za kujaribu tena bila hata kufanya faulo. Mchezaji wa miaka 16 anayelijua hilo bila kupigiwa kelele kutoka benchi ni wa kushikwa kwa mikono miwili.

Zipo kanuni nyingine tatu ninazozitazama. Ya kwanza ni ya faulo za timu: zikishafika 4 katika robo, faulo yoyote inayofuata ya timu inayozuia huwapa wapinzani mitupo huru 2, yaani mirusho isiyozuiwa na mtu, na muda wa nyongeza hurithi hesabu ya robo ya nne. Mchezaji anayemshika mpinzani katikati ya uwanja akidhani anavunja tu mashambulizi, kumbe timu yake imeshafika 4, amegawa pointi bure. Ya pili ni ya faulo zake mwenyewe. Mwenye 4 anapaswa kuzuia kwa miguu na kifua, mikono ikiwa juu, kwa sababu ya tano itamtoa. Ya tatu ni ya mapumziko mafupi: baada ya timu kufungwa kikapu, kocha wake anaweza kuomba muda, na katika dakika 2 za mwisho anaweza kuchagua mpira urushiwe ndani kutoka nusu ya mbele ya uwanja. Kijana anayeunyakua mpira na kukimbilia kuurusha ndani kabla hajalitazama benchi anaifunga nafasi hiyo. Mtazame macho.

Hatua ya 4: Pima mitupo huru ya mchezaji aliyechoka

Mstari wa mitupo huru uko mita 4.6 kutoka usawa wa ubao, na hakuna anayekuzuia. Kinachokuzuia ni mapafu. Kwa hiyo mazoezini mwachie kijana apige mitupo 20 akiwa amepumzika, kisha siku nyingine mwambie akimbie upana wa uwanja, ambao ni mita 15, mara 10 kwa kasi, apige 2, arudie hadi afikishe 20. Linganisha hesabu hizo mbili. Mwenye 15 akipumzika na 13 akichoka ana mbinu iliyosimama. Mwenye 16 na 8 anahitaji miguu kwanza, na ni makosa kumwita mwoga.

Zingatia pia mahali. Arusha iko juu ya Moshi kwa takribani mita 500, na wachezaji wanaopanda asubuhi kwa basi na kucheza mchana huo huo juu ya saruji yenye joto wasipimwe siku hiyo hiyo. Subiri mchezo wa pili.

Hatua ya 5: Mlinganishe na yeye mwenyewe, na uiogope hesabu ndogo

Mchezaji mwenye uwezo wa kufunga mitupo huru 7 katika kila 10 anaweza, kwa bahati tu, kufunga 5 au pungufu katika 10 fulani, na jambo hilo litatokea takribani mara 15 katika kila mara 100. Sasa fikiria kijana anayecheza michezo 8 ya kukaribiana kwa mwaka na kupata mitupo 10 tu ya lala salama kwa jumla. Kumtangaza shujaa kwa 9 au mwoga kwa 5 ni kupiga ramli. Hesabu ya mitupo yake yote ya msimu itakueleza zaidi kuhusu mtupo wake ujao kuliko hiyo michache ya mwisho.

Ndiyo maana naegemea kwenye maamuzi. Katika dakika 4 mchezeshaji, yaani anayeongoza mashambulizi ya timu, hufanya maamuzi 15 au 20, ilhali mirusho yake haizidi 3. Gawanya jumla ya alama zake kwa idadi ya maamuzi, kisha fanya hesabu hiyo hiyo kwa dakika 4 zozote za robo ya pili. Wengi hushuka kidogo. Anayebaki pale pale amekwisha kukupa jibu zuri, na hapana haja ya kumtafuta anayepanda.

Hatua ya 6: Mtazame asipokuwa na mpira

Nilipata kumfuatilia binti wa kidato cha tatu katika mashindano ya siku tatu jijini Arusha. Hakurusha hata mpira mmoja katika dakika za mwisho za mchezo wowote. Lakini kila timu yake ilipohitaji kuurusha mpira ndani kutoka nje ya mstari, chini ya mikono ya mlinzi na ndani ya sekunde 5 anazohesabu mwamuzi, ni yeye aliyepewa kazi hiyo, na hakuupoteza hata mmoja. Wapinzani walipopiga mtupo huru wa mwisho, alimweka mtu wake mgongoni, asiuwahi mpira ukirudi, kabla haujagusa pete. Karatasi ya matokeo ilimwonyesha ana 0. Kwangu alikuwa wa pili katika mashindano yote.

Wazazi wengi, tangu Mtanzania Hasheem Thabeet, aliyesifika kwa urefu, alipochaguliwa wa 2 na Memphis Grizzlies katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA mwaka 2009, huanza kwa kuniuliza urefu wa mtoto. Binti yule alikuwa mfupi, na mama yake alistaajabu nilipomfuata.

Hatua ya 7: Zungumza naye kesho yake

Usimuulize jioni ile ile, wakati machozi au shangwe bado vinamjibia. Kesho yake, baada ya shikamoo na marahaba, muulize jambo moja: ulikuwa unaona nini? Kijana mmoja aliniambia, “Kocha, niliona saa ina sekunde 6, nikajua nina midundo mitatu, na yule mrefu alikuwa ameshachoka, hakuwa anaruka tena.” Alikuwa amekosa mrusho ule. Mwingine, aliyeufunga wake, alijibu, “Sijui, Kocha, nilifumba macho.” Andika majibu hayo neno kwa neno, kwa kuwa ukiyasoma pamoja na safu ya tatu ya daftari utajua kama alama zake zinatokana na kuona au na kubahatisha.

Hatua ya 8: Andika tathmini yenye idadi na tarehe

Tathmini yangu haizidi nusu ukurasa. Hutaja idadi ya michezo niliyoitazama, idadi ya maamuzi, wastani wa alama wa lala salama na wa robo ya pili, mitupo huru ya kupumzika na ya kuchoka, na nguvu ya wapinzani. Chini ya michezo 5 ya kukaribiana siandiki wastani kabisa, naandika mifano. Tarehe ni muhimu, kwa sababu katika umri huu miezi sita hubadilisha miguu, mapafu na kichwa, na tathmini ya mwaka jana imewahi kunifanya nimwache mchezaji aliyekwisha kukua.

Ya yule binti ilimalizika hivi: “Michezo 6, maamuzi 71, wastani 1.6 mwishoni na 1.6 katikati. Apewe kurusha mpira ndani katika kila hali ya mwisho. Hajapimwa bado akiwa mchezeshaji; apewe nafasi hiyo katika robo ya nne ya michezo miwili ijayo, kisha nimtazame tena.”