Jinsi ya kupanga wakali wa kikapu wa enzi tofauti bila ubishi kuharibika

Ubishi wa nani mkali kuliko wote kwenye mpira wa kikapu huwa unaanza na jina. Mmoja anasema Michael Jordan, wa pili anamjibu LeBron James, na kuanzia hapo kila mtu anasaka takwimu za kumlinda mtu wake. Nimesimamia mabishano haya miaka mingi, karatasi na kalamu vikiwa mezani, na nimeona yanaharibikia palepale mwanzoni: majina yanatangulia, vigezo vinafuata nyuma vikivutwa kwa kamba. Hapa tunaanza na vigezo. Nimebaki na NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, peke yake, kwa sababu kumbukumbu zake zinafika mbali kiasi cha kutosha kulinganisha enzi.

Hatua ya 1: Kubalianeni "bora" maana yake nini

Kuna maswali matatu yanayojificha ndani ya neno hilo. Alipokuwa moto kabisa, alikuwa mkali kiasi gani? Alidumu juu kwa muda gani? Na alishinda nini? Anayeuliza la kwanza mara nyingi atafika kwa Jordan. Anayeuliza la pili atakutana na Kareem Abdul-Jabbar, MVP (mchezaji bora wa msimu) mara 6 na alama 38,387, kisha LeBron aliyeipita rekodi hiyo tarehe 7 Februari 2023. Anayeuliza la tatu hawezi kumkwepa Bill Russell, ubingwa 11 katika misimu 13. Watu wawili wanaweza kubishana usiku kucha wakati kila mmoja anajibu swali lake.

Kwa hiyo gawaneni uzito kabla hamjataja mtu. Mimi naupa ukali wa kilele nusu nzima, nusu iliyobaki nagawia kudumu na mataji. Wewe unaweza kugawa vingine, hakuna ubaya. Muhimu uandike, na karatasi ibaki mezani. Kuna wakati mtu ataona kipenzi chake kimeshuka na ataanza kuomba uzito ubadilishwe. Mwoneshe karatasi.

Hatua ya 2: Jua mchezo wenyewe ulikuwaje

Miaka michache ya kukariri: saa ya sekunde 24, muda ambao timu inapaswa kutupa mpira, iliingia 1954. Kuzuia mitupo na kupokonya mpira kulianza kuhesabiwa rasmi msimu wa 1973-74. Mstari wa alama tatu ulifika msimu wa 1979-80. Ulinzi wa kanda, yaani kulinda eneo badala ya mtu, uliruhusiwa kuanzia msimu wa 2001-02, na kuanzia 2004-05 marefa walianza kuwabana walinzi wanaomzuia mshambuliaji kwa mkono.

Tazama hilo la pili linavyomuumiza Russell. Kazi yake kubwa ilikuwa kuzuia mitupo, na alistaafu 1969, kabla ya yeyote kuiweka kwenye kitabu. Tuzo ya MVP wa fainali nayo ilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka huohuo wa 1969, ikaenda kwa Jerry West ambaye timu yake ilifungwa na Russell. Leo tuzo hiyo inaitwa kwa jina la Russell, na yeye mwenyewe hana hata moja. Anayempima kwa jedwali la takwimu pekee anapima vile tu vilivyokuwa vinaandikwa.

Hatua ya 3: Mpime mtu na watu wa wakati wake

Hapa ndipo penye kazi, na ndipo ninapopapenda zaidi.

Chukua Wilt Chamberlain msimu wa 1961-62: wastani wa alama 50.4 kwa mechi. Mbele ya namba hiyo wengine huinua mikono, wengine huitupilia mbali kabisa, "kaka, zama zile walikuwa hawakabi." Tulia kwanza. Msimu uleule Oscar Robertson alimaliza na wastani wa alama 30.8, rebaundi (mipira iliyodakwa baada ya mtupo kukosa) 12.5 na asisti (pasi za kufunga) 11.4, na Walt Bellamy, mgeni kabisa kwenye ligi, akafunga 31.6. Wote watatu hawakupata uchawi mwaka mmoja. Mchezo ulikuwa wa kasi, timu zilitupa mara nyingi na kukosa mara nyingi, basi alama na rebaundi zilikuwa tele kwa kila mtu.

Dawa yake ni hesabu ya dakika mbili. Gawanya alama za mchezaji kwa wastani wa alama za timu moja kwenye ligi msimu huo. Mwaka wa Wilt timu ilifunga wastani wa 118.8, hivyo 50.4 ni kama asilimia 42. Jordan wa 1986-87 alifunga 37.1 wakati timu zikiwa na wastani wa 109.9: asilimia 34 hivi. Kobe Bryant wa 2005-06 alifunga 35.4 wakati wastani ni 97.0: asilimia 36 na ushee. Wilt bado yuko mbele sana.

Lakini Wilt alicheza dakika 48.5 kwa mechi mwaka ule, muda wa nyongeza ukiwemo. Alikuwa hatoki uwanjani. Jordan alicheza 40, Kobe 41. Ukiwaweka wote kwenye dakika 48, urefu wa kawaida wa mechi, Wilt anakuwa na 49.9, Jordan 44.5, Kobe 41.4. Gawanya tena kwa wastani wa ligi: Wilt asilimia 42, Jordan 40 na nusu, Kobe karibu 43. Pengo lililoonekana kama mlima limefutika.

Nilipofanya hesabu hii mara ya kwanza niliirudia mara tatu nikidhani nimekosea. Haina maana kwamba Kobe alimzidi Wilt, maana kukaa uwanjani dakika zote bila kupungua makali ni uwezo pia, na wengi hawana. Ila sasa mnabishana juu ya kitu halisi: dakika zina thamani gani?

Na msisahau kuuliza waliomwona. Zama hizo MVP alipigiwa kura na wachezaji wenyewe, na msimu wa alama 50.4 walimchagua Russell aliyefunga 18.9. Kwenye fainali ya Mashariki timu ya Wilt na Boston ya Russell zilikwenda hadi mechi ya saba, Boston wakashinda 109 kwa 107.

Hatua ya 4: Hesabu mataji pamoja na njia ya kuyafikia

Russell alianza kwenye ligi ya timu 8, na kwa sehemu kubwa ya enzi yake bingwa alihitaji kushinda raundi mbili tu. Jordan alipita raundi nne kila mara, katika ligi ya timu 27 hadi 29. Hilo linapunguza 11 za Russell, ila siyo hadi kufikia 6 za Jordan. Ligi ndogo pia ina maana vipaji vimebanana, na unakutana na Wilt mara nyingi kwa mwaka.

Hoja moja naomba muiache kabisa: kwamba Jordan ameshinda fainali 6 kati ya 6 na LeBron 4 kati ya 10. Jordan alitolewa raundi ya kwanza miaka mitatu mfululizo, 1985 hadi 1987. Kama kufungwa fainali ni aibu kuliko kutolewa raundi ya kwanza, basi LeBron angefaidika kwa kufungwa mapema. Toeni mataji sifa zake, na kufika fainali nako kupewe chake.

Hatua ya 5: Tenganisha swali la "angecheza leo"

Likitokea, sharti liwe moja: unayemleta leo umlete akiwa mtoto, akue na makocha, lishe na mafunzo ya leo. Ukimtoa mtu wa 1962 ukamtupa uwanjani kesho, umepima mwaka wa kuzaliwa.

Hatua ya 6: Panga kwa matabaka

Namba moja hadi kumi inalazimisha tofauti ambazo hazipo. Wekeni tabaka la juu, la pili, la tatu, na ndani ya tabaka msipange. Juu kabisa mimi nina Jordan, LeBron, Kareem na Russell. Chini yao wapo Wilt, Magic Johnson, Larry Bird, Tim Duncan, Shaquille O'Neal, Kobe, Stephen Curry na Hakeem Olajuwon, aliyechukua MVP, mlinzi bora na MVP wa fainali ndani ya msimu mmoja, 1993-94.

Wanaoendelea kucheza waandikwe kwa penseli. Nikola Jokić, MVP mara 3 na bingwa wa 2023, nimemwandika pembeni ya tabaka la pili, na mshale unaoelekea ndani.