Jinsi ya kumchagua adui wa filamu ya shujaa ambayo bado haijatengenezwa

Wanafunzi wanaoniletea miswada ya mwendelezo wa filamu za mashujaa hapa Nairobi huanza, karibu kila mara, kwa kunieleza nguvu za adui: anatema moto, anapaa, anapasua chuma kwa mkono. Mimi huwaomba wauweke mswada kando, tuirudie sehemu ya kwanza, kwa sababu adui wa sehemu ya pili hutafutwa huko.

Hatua ya kwanza ni kuorodhesha madeni. Pitia sehemu ya kwanza tangu mwanzo hadi mwisho, na uandike kila mtu aliyeumia, aliyepoteza mali au aliyedanganywa ili shujaa ashinde, hata kama ni mwenye kibanda kilichoangukiwa na ukuta. Katika The Avengers ya mwaka 2012, mashujaa walipigana mjini New York wakaacha vifusi kila mahali. Katika Spider-Man: Homecoming ya mwaka 2017, adui aitwaye Vulture ni mkandarasi aliyekuwa akivizoa vifusi hivyo hadi idara ya serikali ilipomnyang'anya kazi. Ana familia ya kulisha na vibarua wa kulipa, na yeyote aliyewahi kupokonywa kandarasi humwelewa kabla hajavaa mabawa.

Katika mswada tunaouandika darasani, shujaa ni fundi wa umeme wa Kariobangi anayevuta umeme kwa viganja, na mwishoni mwa sehemu ya kwanza anauzima mji mzima kwa dakika 11 ili kuliokoa basi lililojaa abiria. Watu wanashangilia. Orodha yetu ilipofika hapo, mwanafunzi mmoja aliuliza kwa sauti ya chini, "Na mgonjwa aliyekuwa kwenye mashine ya oksijeni nyumbani?" Swali hilo ndilo lililomzaa adui wetu: baba mshona akala wa Dandora, aliyekaa gizani akimpepea mwanawe kwa kifuniko cha sufuria huku akihesabu pumzi, hadi taa ziliporudi na pumzi zisirudi. Hana nguvu yoyote bado, na tayari shujaa hawezi kumtazama usoni.

Hatua ya pili, andika sentensi moja inayoanza na neno "Nataka" kwa kinywa cha adui mwenyewe. Baba yule hasemi kwamba anataka kuutawala mji; anasema, "Nataka kila aliyeshangilia usiku ule alijue jina la mwanangu." Sentensi hiyo ingeweza kutamkwa na mtu mwadilifu mbele ya baraza la chifu, na hicho ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote. Ikiwa ya kwako haiwezi, rudi kwenye orodha.

Hatua ya tatu ni kupunguza, na hapa ndipo waandishi wengi hushindwa kwa kuwapenda maadui wao mno. Spider-Man 3 ya mwaka 2007 iliwabeba Sandman, Venom na Harry Osborn kwa pamoja, na Venom alifika hadithi ikiwa karibu kwisha, hivyo hatukupata muda wa kumwogopa. Andika kila jina kwenye kipande cha manila, ubandike ukutani, kisha uvibandue kimoja kimoja ukiisimulia hadithi upya kwa sauti. Kipande ambacho kutoweka kwake hakubadilishi kitu hakikuwa na kazi.

Nguvu na vazi huja baada ya hayo, na huja kwa urahisi. Mshona akala wetu alijishonea deraya ya matairi makuukuu, na kwa kuwa mpira haupitishi umeme, viganja vya shujaa havimwezi.

Mwisho, usiwatupe uliowabandua. Vulture huyohuyo aliwahi kupangwa kuwa adui katika Spider-Man ya nne ya mwongozaji Sam Raimi, iliyofutwa Januari 2010, akasubiri miaka saba kabla ya kupata filamu iliyomfaa. Andika tarehe nyuma ya kila kipande, pamoja na deni analolidai, ukitie ndani ya bahasha. Katika bahasha yetu yumo kondakta wa basi lile lililookolewa, ambaye alichungulia dirishani akaiona Dandora ikizimika.