Ukiambiwa "hata uvutano haueleweki", pima hivi

Dada yangu ana hoja inayonitoa jasho: "Mwalimu, uvutano unaufundisha kila mwaka na hujui unatoka wapi. Kwa nini basi ukatae kwamba mtu anaweza kusoma mawazo ya mwenzake?"

Usibishane juu ya chanzo, hapo utashindwa. Newton mwenyewe alitangaza kanuni ya uvutano mwaka 1687 bila kujua chanzo chake. Uliza tu kama kitu chenyewe kinapimika. Cavendish, mwanasayansi Mwingereza, alipima mwaka 1798 jinsi matufe ya madini ya risasi yanavyovutana, akichungulia kwa darubini kutoka nje ya chumba ili hata upepo mdogo usiingilie. Mwaka 1846 Le Verrier, Mfaransa, alikokotoa kwa kanuni hiyo ilipo sayari isiyojulikana, na mwanaastronomia Galle akaiona sayari hiyo, Neptune, kutoka Berlin, pungufu ya nyuzi 1 kutoka pale alipoelekezwa.

Sasa yapime mawazo. Kata kadi 25 za alama tano, kila alama mara tano: duara, msalaba, mawimbi, mraba, nyota. Rhine, mtafiti wa madai ya kusoma mawazo, alitumia kadi za namna hiyo Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, miaka ya 1930. Changanya sana. Mmoja atazame kadi, mwenzake aandike anachohisi, na asiambiwe amepatia ngapi mpaka mwisho, maana akijua zilizotoka atakisia zilizobaki. Kwa kubahatisha, wastani ni 5. Akipata 7 au 8, tulia.

Dada alipata 11. Mwili ulinisisimka, sifichi. Tukarudia, 10. Raundi ya tatu nikagundua hanitazami usoni, anatazama miwani yangu: taa ya mezani iliimulika kadi, na kadi ikajichora kwenye vioo. Nikahamia chumba cha pili, nikawa nagonga ukuta kila nikifunua kadi. Akapata 4, kisha 6. Aliapa hakujua kwamba alikuwa akichungulia, nami namwamini. Jicho huokota mengi bila kumwarifu mwenyewe.

Wanafizikia nao hunaswa. Mwaka 1903 Blondlot, huko Ufaransa, alitangaza miale mipya. Mwaka uliofuata Wood, mwanafizikia Mmarekani, alimtembelea, akachomoa kimyakimya gizani prizimu iliyodaiwa kuipinda miale hiyo, na vipimo vikaendelea kusomwa vilevile: miale haikuwapo.

Dada sasa anadai ukuta ndio uliozuia mawazo. Haya, tumeandikiana kabla ya kuanza: raundi 10, pazia tu katikati, miwani naivua, na hakuna raundi itakayofutwa.