Kupanda bustani juu ya karo: kabla hujanunua mche

Nina kitalu cha miche Tegeta, pembeni mwa barabara. Mvua zikikaribia, watu huja kuniuliza ni mti gani unaokua haraka wa kuficha mfuniko wa karo la choo. Nami huwauliza: karo lenyewe liko wapi hasa, na gari la kunyonya majitaka litapitia wapi? Wengi wamenunua nyumba iliyokwisha kujengwa, hawajui. Kazi inaanzia hapo.

Fuata chemba, vile vishimo vidogo vyenye mfuniko kwenye njia ya bomba. Bomba linatoka chooni, linapita chemba hadi chemba mpaka kwenye karo. Kutoka karoni maji yanahamia shimo la pili, lile la kunyonya, ambalo tofali zake zimeachiwa matundu ili maji yazame ardhini. Mfuniko ukiwa umefukiwa, gongagonga chini kwa kipande cha nondo mpaka usikie zege. Ukiupata, pima umbali wake kutoka kona mbili za nyumba, uandike kwa rangi kwenye ukuta wa stoo. Karatasi hupotea.

Mashimo hayo mawili hayatunzwi kwa namna moja. Karo linaogopa uzito. Shimo la kunyonya linaogopa mizizi.

Hili la mizizi nimelilipia. Mwaka 2016 nilipanda fikasi mbili, mita moja na nusu kutoka shimo langu la kunyonya, na zilistawi kuliko miti yote uani. Masika ya mwaka wa nne maji yakaanza kurudi bafuni. Fundi alipofunua shimo tulikuta mizizi imepenya kwenye matundu ya tofali na kujaa mle ndani kama nywele. Tulizing'oa fikasi zote mbili na kujenga upya upande mmoja wa ukuta. Tangu hapo, mtu mwenye kiwanja cha mita 20 kwa 20 simuuzii fikasi, mkungu, mwarobaini wala mvinje kabla hajanionyesha mashimo yake yalipo. Mti mkubwa ukae mbali na shimo angalau kwa urefu utakaoufikia ukikomaa. Mwarobaini hupita mita 15, kwa hiyo kwenye viwanja vyetu vingi hauna pa kukaa.

Karibu na shimo la kunyonya panda ukoka. Mizizi yake inashika udongo usichukuliwe na mvua, na siku ya kufungua unaubandua kwa jembe na kuurudisha. Chomeka vipando kwa nafasi ya sentimita 15 vuli inapoanza. Kufikia masika utakuwa umefunika. Maua madogo madogo yanafaa pia. Asumini naiweka mita mbili au tatu pembeni, upande upepo unakotokea. Migomba inapenda unyevu huo, lakini nayo iache mita nne.

Mchicha na matembele, hapana. Najua yanastawi hapo kuliko popote, na ndiyo maana nasisitiza: maji ya shimo yakipanda wakati wa masika yanaacha mayai ya minyoo, nayo hudumu udongoni kwa miezi mingi, hata miaka.

Juu ya karo, usijaze kifusi ili upate tuta la maua. Piga hesabu: mfuniko wa mita 3 kwa 2, ukiuwekea udongo wa nusu mita, ni mita za ujazo 3, zaidi ya tani 4, na mvua haijanyesha. Gesi ya ndani nayo hula zege na nondo kwa chini, kwa hiyo mfuniko wa zamani unaweza kuonekana mzima juu huku umeshachoka. Gari lisiegeshwe hapo, na watoto wasipafanye uwanja wa kuchezea. Mimi naweka maua kwenye ndoo za rangi za lita 20, chache, nikizipanga pembezoni ambapo ukuta unabeba, na mlango wa kunyonyea nauacha wazi. Ukitaka kusakafia njia ya kupita, tumia vitofali vya kupanga juu ya mchanga, maana vinainuliwa. Zege utalivunja kwa nyundo siku choo kimefurika.

Maji ya paa yaelekeze kwingine kwa mtaro, la sivyo shimo la kunyonya litajaa mvua badala ya kuzamisha maji ya nyumba. Bomba la hewa usilizungushie mmea unaotambaa hadi mdomoni. Lifunge wavu, kwa sababu mbu huzaliana mle chini.

Na ukiwa unapanda, ukakuta mfuniko una ufa au udongo umebonyea, acha jembe, zungushia kamba, ita fundi. Mtu asiinamie pale akiwa na sigara, wala usimshushe kijana ndani kuchungulia hata kwa dakika moja. Hewa ya mle inaua.