Kabla hujasasisha Windows, tafuta ufunguo wako kwanza

Mwalimu mmoja aliniletea laptopu iliyogoma baada ya sasisho la usiku. Kioo cha bluu, na ombi moja tu: ingiza ufunguo wa kurejesha wa BitLocker, yaani kufuli la Windows linalofunga diski nzima, tarakimu 48. Ndani kulikuwa na alama za wanafunzi za muhula mzima. Laptopu ilikuwa ya mtumba, na ufunguo ulibaki kwenye akaunti ya mwenye nayo wa zamani, mtu ambaye mwalimu hakuwa na namna ya kumpata. Ilibidi tuifute mashine yote. Tangu siku ile, mtu akiniuliza kama asasishe Windows, mimi namuuliza ufunguo wake uko wapi.

Wengi hawajui hata kama diski yao imefungwa. Kompyuta nyingi za miaka ya karibuni hujifunga zenyewe pindi mtu anapoingia kwa akaunti ya Microsoft kwa mara ya kwanza, na kufuli hilo hulioni kwa sababu kuna kijisehemu kiitwacho TPM kinachokufungulia kila unapowasha. Sasisho likibadilisha programu za kuwashia mashine, au BIOS (programu ya msingi inayoiamsha mashine kabla ya Windows) ikiguswa, TPM inaweza kuona mambo si yale iliyoyazoea ikakataa kufungua. Mashine haijaharibika, inajihami. Mwezi Julai 2024 Microsoft yenyewe ilikiri kwamba baada ya masasisho ya usalama ya mwezi huo, baadhi ya kompyuta ziliwaka na kusimama kwenye ukurasa huo wa kuomba ufunguo. Na ukiukosa, Microsoft hawawezi kukutengenezea mwingine. Kinachobaki ni kufuta.

Kwa hiyo, mashine ikiwa bado nzima, ingia account.microsoft.com/devices/recoverykey kwa akaunti yako uone kama ufunguo upo. Usipouona, na hasa kama ulinunua mtumba, fungua dirisha la amri (Command Prompt) kwa mamlaka ya msimamizi (Run as administrator) uandike manage-bde -protectors -get C: kisha unakili zile tarakimu, mafungu 8 ya tarakimu 6. Ziandike kwenye karatasi, uzihakiki mara mbili, uiweke karatasi pamoja na vyeti vyako. Kuzihifadhi ndani ya kompyuta hiyohiyo ni sawa na kufungia ufunguo wa nyumba ndani ya nyumba.

Baada ya ufunguo ni nakala ya mafaili. Kama unadhani sasisho haliwezi kugusa kazi zako, kumbuka Oktoba 2018: Microsoft ilisitisha kusambaza toleo la 1809 la Windows 10 kwa kuwa baadhi ya watu walikuta nyaraka na picha zao zimefutika. Nakili kwenye diski ya nje, fungua mafaili mawili matatu kwenye kompyuta nyingine uhakikishe yanasomeka, halafu ichomoe diski hiyo kabla ya kuanza. OneDrive, hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft, inasaidia, lakini haitoshi peke yake, maana kazi yake ni kulinganisha: ukifuta huku, na kule kunafutika.

Umeme na nafasi nitavigusa kwa haraka. Laptopu ichomekwe na betri iwe imejaa. Kompyuta ya mezani isiyo na UPS (betri ya akiba ya umeme) usiisasishe msimu wa umeme kukatikakatika. Mimi huacha angalau GB 20 wazi kwenye diski C. Na asilimia zikigandia sehemu moja kwa nusu saa, usikimbilie kuzima: taa ya diski ikiwa bado inapepesa, kazi inaendelea.

Sasa flashi ya kusakinishia Windows, ya kukuokoa mashine ikigoma kuwaka. Inahitajika ya GB 8 au zaidi, isiyo na kitu unachokipenda, kwa sababu itafutwa yote. Programu ya kuitengeneza inapatikana bure kwenye tovuti ya Microsoft, na itapakua GB kadhaa, kwa hiyo jipange na bando. Itengeneze leo, wakati kompyuta yako inawaka. Ikishagoma utaanza kuzunguka mtaani kuomba kompyuta ya jirani. Jua pia kitufe cha kuwashia kwa flashi: Dell na Lenovo mara nyingi ni F12, HP ni F9.

Karatasi ile ya ufunguo iongezee maelezo haya, kwa kuwa siku ya tukio hutaweza kuyasoma kwenye kompyuta. Windows ikikatishwa mara tatu mfululizo inapowaka, kwa kuzimwa kwa kitufe, hufungua yenyewe ukurasa wa ukarabati. Humo kuna sehemu ya kuondoa sasisho la mwisho. Anza na hiyo kabla ya jambo jingine lolote. Kama ulihamia toleo jipya kabisa, kwa mfano kutoka Windows 10 ambayo msaada wake wa kawaida uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, toleo la zamani hukaa kwenye folda ya Windows.old kwa siku 10 tu, na katika siku hizo unaweza kurudi nyuma. Usiifute kwa tamaa ya nafasi. Kufuta kila kitu na kusakinisha upya kuwe hatua ya mwisho, hata kama fundi ana haraka nayo.

Mwisho, ijaribu flashi yako. Ichomeke, zima kompyuta, iwashe huku ukibonyeza kile kitufe, uone kama ukurasa wa kusakinisha unatokea. BitLocker ikikuomba ufunguo utakaporudi, karatasi unayo mkononi. Ukurasa ukitokea, usisakinishe chochote: zima, chomoa flashi, washa kama kawaida, ndipo ubonyeze sasisho.