Kuendesha kiigizaji cha ArduPilot ndani ya VirtualBox kwa bando la simu

ArduPilot ni programu huria ya kuongoza droni, na kiigizaji chake hurusha droni ya kubuni ndani ya kompyuta. VirtualBox huendesha mashine pepe, yaani kompyuta ya programu tupu, ndani ya Windows yako. Kwa wengi hapa Tanga, kazi hii hukwama kabla droni haijaruka: msimbo unashushwa kwa intaneti ya simu na kukatika njiani. Hatua ya tatu ndiyo ya kusoma kwa utulivu.

1. Washa VT-x au AMD-V (uwezo wa prosesa kuendesha mashine pepe) kwenye BIOS, kisha weka VirtualBox.

2. Unda mashine pepe ya Ubuntu 22.04: RAM GB 4, prosesa 2, diski GB 30. Adapta ya kwanza ya mtandao ibaki NAT (ya intaneti). Ya pili iwe Host-only (ya Ubuntu na Windows kuwasiliana).

3. Kushusha msimbo. Usichukue ZIP ya GitHub, kwa sababu haina moduli ndogo (miradi mingine ambayo msimbo huu unaitegemea). Usifanye `git clone` ya kila kitu kwa mkupuo pia. Git, zana ya kushusha msimbo, haiendelezi clone iliyokatika: ukiona `early EOF`, bando limeteketea na unaanza sifuri. Gawanya kazi:

```
sudo apt update && sudo apt install git
git clone --depth 1 -b Copter-4.5 https://github.com/ArduPilot/ardupilot.git
cd ardupilot
git submodule update --init --recursive
```

`--depth 1` huacha historia yote ya mradi, ambayo huihitaji kwa kuigiza. Amri ya mwisho hushusha moduli moja baada ya nyingine. Mtandao ukikatika, irudie, na zilizokamilika hazishushwi upya. Irudie hadi imalize bila kosa hata moja.

Umeme ukikatika katikati, git inaweza kugoma ikitaja `index.lock`. Hakikisha hakuna git nyingine inayoendelea, futa faili hilo mahali lilipotajwa, kisha ongeza `--force` kwenye amri ileile. Na msimbo ukae ndani ya diski ya Ubuntu, si kwenye folda inayoshirikiwa na Windows: viungo vya faili vya Linux (symlink) husumbua huko.

4. Bila `sudo`, maana skripti yenyewe inamkataa root:

```
Tools/environment_install/install-prereqs-ubuntu.sh -y
```

Zima mashine pepe na uiwashe tena.

5. Rusha, ukianzia Tanga mjini:

```
cd ~/ardupilot
Tools/autotest/sim_vehicle.py -v ArduCopter --console --map -j 1 --custom-location=-5.07,39.10,10,90
```

`-j 1` hukusanya msimbo polepole, lakini RAM haijai. Bila hiyo, mashine ndogo huua `cc1plus` (kikusanyaji cha C++) na kazi kusimama. Subiri konsoli iseme EKF (kikokotoo cha mahali droni ilipo) inatumia GPS, kisha andika kwenye MAVProxy, yaani terminali ileile uliyorushia:

```
mode guided
arm throttle
takeoff 20
```

Usichelewe kati ya mbili za mwisho: ikikaa chini sekunde 10, mota hujizima.

6. Kwa kituo cha ardhini (programu ya kufuatilia na kuongoza droni), QGroundControl ndiyo ninayoipendekeza, kwani husikiliza UDP 14550 yenyewe. Ifungue kwenye Windows, iruhusu kwenye ngome ya mtandao (firewall), kisha andika kwenye MAVProxy:

```
output add 192.168.56.1:14550
```

Hiyo ndiyo anwani ya kawaida ya Windows kwenye Host-only. Ithibitishe kwa `ipconfig`.

7. Usifanye mazoezi kwenye hewa tulivu ambayo pwani yetu haina. Leta kusi:

```
param set SIM_WIND_DIR 150
param set SIM_WIND_SPD 8
```

Namba ya kwanza ni upande upepo unakotoka, ya pili ni mita kwa sekunde. Iache kwenye GUIDED (hali ya kufuata amri zako), utaona droni inavyoinama kuukabili upepo ili isisogee.