Somo: Chumba cha roshani kwenye meli ya utalii huchaguliwa kwa sitaha tatu

Anayenunua mara ya kwanza huonyeshwa picha: kitanda cheupe, viti viwili, bahari ya buluu. Picha hiyohiyo hutumika kwa mamia ya vyumba vya daraja moja. Kinachofanya chumba hiki kiwe cha raha na cha jirani kiwe cha kukesha ni kile kilichoko juu ya dari na chini ya sakafu, nacho hakimo pichani. Kimo kwenye ramani ya sitaha, yaani ya kila ghorofa ya meli. Kampuni zote kubwa huziweka ramani hizo bure kwenye tovuti zao. Chukua ya tarehe ya safari yako, maana meli ikipanda chelezoni kukarabatiwa hushuka na vyumba vipya na baa zilizohamishwa.

Tuelewane maneno: omo ni mbele, tezi ni nyuma. Ukikabili omo, kushoto kwako ramani za Kiingereza huandika Port na kulia Starboard.

Hatua ya 1: Je, utaikalia?

Soma ratiba kabla ya bei. Safari za usiku 7 za Mediterania ya magharibi, zile za kuzunguka Barcelona, Marseille, Genoa na Napoli, hufunga gati karibu kila asubuhi. Mchana uko mjini, jioni uko mezani, usiku umechoka. Roshani utaionja meli ikiingia bandarini na ikitoka, basi. Alaska ni kinyume chake: kati ya Vancouver na Seward au Whittier kuna siku nzima za milima na barafu, huku sitaha ya juu kuna baridi na watu wanasukumana. Hapo roshani unatoka na blanketi na chai, ukishindwa na baridi unarudi hatua mbili ndani.

Kwa hiyo tofauti ya bei kati ya chumba cha dirisha na cha roshani igawe kwa siku za baharini, usiigawe kwa usiku wote. Dola 420 za ziada kwenye safari yenye siku 1 ya bahari ni dola 420 za siku hiyo moja. Yenye siku 3 ni dola 140. Bakshishi usiihesabu: kampuni nyingi hutoza kiasi kilekile chumba cha ndani na cha roshani, hupandisha kwa vyumba vya kifahari tu.

Hatua ya 2: Ni roshani ya aina gani?

Neno moja kwenye tovuti hufunika vitu vingi. Ya kawaida ina ukingo wa kioo, viti viwili na meza ya kuwekea vikombe, eneo lake mita 4 hadi 5 za mraba. Kiti cha kujinyoosha hakiingii.

Kuna za chuma. Hizi zimetobolewa kwenye bati la ubavu wa meli, sitaha za chini, na ukingo wake ni chuma kitupu. Queen Mary 2, iliyoanza safari 2004, inazo. Upepo zinakinga vizuri, ila ukiketi unatazama ukuta uliopakwa rangi. Bahari mpaka usimame.

Celebrity Edge ya 2018 ilileta nyingine: ukuta wa mwisho wa chumba ni kioo, na nusu yake ya juu hushuka ukibonyeza swichi. Chumba kinakuwa kirefu zaidi, lakini aliyezoea kutoka nje na kufunga mlango nyuma yake hataridhika. Na Oasis of the Seas ya 2009 ilianza mtindo wa roshani zinazotazama ndani ya meli, kwenye bustani au kwenye bembea ya kuzunguka ya watoto. Ni roshani kweli, bahari hakuna. Watu hulipia bila kusoma kisha hulalamika.

Zilizozibwa na boti za uokoaji huuzwa kwa punguzo, na punguzo hilo lina mambo. Boti ikiwa chini ya ukingo wako unaona paa lake la rangi ya chungwa na bahari mbele yake, jambo linalovumilika. Ikiwa usawa wa macho, umenunua roshani ya kutazama boti.

Hatua ya 3: Sitaha tatu

Hapa ndipo penye kazi. Fungua ramani tatu kwa pamoja: ya sitaha yako, ya juu yake na ya chini yake. Tatizo ni kuzilinganisha, kwa sababu ramani hazichorwi kwa kipimo kimoja na omo ya moja haikai chini ya omo ya nyingine. Dawa yake ni lifti. Shimo la lifti halihami: lilipo sitaha ya 8 ndipo lilipo sitaha ya 9 na ya 10. Shika lifti zilizo karibu na chumba chako, hesabu milango kutoka hapo mpaka kwako, tuseme 7 kuelekea tezi. Kisha nenda ramani ya juu, anza kwenye lifti zilezile, hesabu vyumba 7. Ikiwa huko juu hakuna vyumba, pima umbali uleule kwa ukingo wa karatasi, ukilinganisha na nafasi kati ya lifti za mbele na za nyuma. Fanya hivyo tena chini.

Unachotaka kukuta ni vyumba juu na vyumba chini. Usichotaka ni hivi:

Juu kuna bwawa au bufee. Kuanzia alfajiri wahudumu hupanga viti vya jua, na mguu wa kiti ukiburutwa juu ya sitaha ya chuma husikika chini kama uko chumbani mwako. Chini kuna ukumbi wa maonyesho au disko: besi hupanda kwenye sakafu mpaka usiku wa manane umepita. Na kuna eneo jeupe lisiloandikwa kitu. Hilo liogope kuliko yote. Eneo tupu kwenye ramani ya abiria mara nyingi ni la wafanyakazi: jiko, stoo, njia ya matoroli. Matoroli hayalali.

Kwenye sitaha yako mwenyewe tazama alama mbili. Mshale au pembe ndogo kati ya vyumba viwili ni mlango wa kuunganisha, na mlango huo hauzuii sauti kama ukuta: kikohozi cha jirani utakisikia. Ukisafiri na ndugu wa chumba cha pili ndio unaoutaka. Ukiwa peke yako ukwepe. Alama nyingine ni za vitanda vya kukunjua, maana chumba cha watu 4 kina kochi kubwa linalokula nafasi hata mkiwa wawili.

Sasa tafuta kwenye mtandao picha ya meli yako iliyopigwa kutoka ubavuni. Utaona sitaha ya bwawa imejitokeza nje na kuzifunika roshani zilizo chini yake. Ni kivuli kizuri Dubai, ni giza Norwei. Utaona pia baadhi ya meli zina nundu katikati, ubavu unapotoka nje. Vyumba vilivyo kwenye mteremko wa nundu hutazama mshazari, na roshani zao mara nyingi ni kubwa kuliko za jirani kwa bei ileile.

Hatua ya 4: Omo, katikati au tezi

Tezi na omo marejeo ni ngamani, yaani chini tumboni mwa chombo. Wahenga walikuwa na lao, lakini kwa mrama ni kweli tupu. Meli ikipanda wimbi hufanya kama ubao wa pembea: ncha hupanda na kushuka, katikati hutikisika kidogo. Ikiyumba ubavu kwa ubavu, aliye juu hubebwa mbali zaidi kuliko aliye chini. Mapezi yaliyo chini ya maji hupunguza kuyumba huko kwa ubavu, hayasaidii kitu omo inapopanda na kushuka.

Omo ina upepo. Kwenye sitaha zake za chini kuna nanga na zile mota za kusukuma meli kando: meli ikifunga gati alfajiri utadhani lori linamwaga kokoto chini ya kitanda. Vyumba vinavyotazama mbele kabisa huamriwa kufunga mapazia usiku, mwanga usimpofushe aliye kwenye usukani.

Tezi ndiyo yenye mashabiki, kwa haki. Roshani ni ndefu, na povu la meli linajikunjua nyuma yako mpaka upeo wa macho. Gharama yake ni mtetemo, masizi ya bomba siku upepo ukielekea huko, na kutembea: kwenye meli ya mita 330, kutoka tezi hadi ukumbi wa maonyesho wa omo ni mwendo hasa kwa mwenye magoti mabovu.

Hatua ya 5: Kushoto au kulia

Ina maana kwa safari ya kwenda tu. Vancouver kuelekea kaskazini, pwani iko kulia sehemu kubwa. Kurudi kusini, kushoto. Kwenda na kurudi bandari ileile pande hulingana. Glacier Bay, ghuba ya barafu huko Alaska, usihangaike, nahodha huigeuza meli mbele ya barafu ya Margerie na kila upande huona. Barcelona kwenda Marseille na Genoa kisha kushuka Napoli, nchi iko kushoto, ila mwendo mwingi ni wa usiku. Usiongeze hata senti.

Hatua ya 6: Kulipa

Bei ya chini kabisa ya roshani mara nyingi ni ile ambayo kampuni hukuchagulia chumba. Kampuni ya MSC huiita Bella. Fantastica ndiyo ya kuchagua mwenyewe. Ukichukua ya kuchaguliwa, hatua ya 3 umeitupa, na vyumba vinavyobaki ni vile wenye ramani walivyovikimbia. Jihadhari pia na barua pepe za kukualika kutoa dau upandishwe daraja. Ukishinda huchagui mahali: unaweza kutolewa kwenye chumba tulivu cha katikati ukapelekwa kikubwa zaidi kilicho chini ya bufee, na hakuna kurudi.

Maswali ya wanachama

Swali, Mombasa: Shikamoo mwalimu. Mama ana miaka 68, anataka roshani lakini bahari humlevya hata kwenye boti ya Lamu. Nimchukulie sitaha ya juu apate hewa?

Jibu: Marahaba. Hapana, mchukulie ya chini kabisa yenye roshani, katikati, karibu na lifti. Hewa ni ileile. Roshani yenyewe itamsaidia: akitazama mstari wa upeo, macho na masikio yake huacha kubishana. Dawa kama sinarizini humezwa kabla ya kuondoka. Ukingoja aanze kutapika umechelewa. Ikiwa anatumia dawa za presha amuulize daktari wake kwanza.

Swali, Muscat: Assalaam aleikum. Roshani ina sitara kiasi gani? Mke wangu angependa kukaa bila mtandio.

Jibu: Waaleikum salaam. Ya kawaida ya ubavuni, iliyofunikwa na roshani nyingine juu, humficha na jirani isipokuwa jirani achungulie kwa makusudi. Lakini daraja la nahodha, chumba cha kuongozea meli, limejitokeza nje ya ubavu na huona roshani zote kwa mstari, na kuna kamera za usalama nje ya meli. Kwenye tezi meli nyingi zimepangwa kama ngazi, wa juu humwona wa chini waziwazi. Nundu nazo huonekana. Na bandarini meli nyingine huweza kufunga gati mkabala, roshani kwa roshani. Kwa hiyo sitara kamili msiitegemee.

Swali, Dar es Salaam: Tuna watoto wa miaka 4 na 7. Ni hatari?

Jibu: Ukingo una takriban mita 1.1, na mtoto wa miaka 4 havuki. Anavuka akipanda kiti. Siku ya kwanza mwombeni mhudumu aondoe viti na meza, au muviingize ndani kila mnapotoka. Chagueni ukingo wa kioo, si wa fito za kulala zinazopandika kama ngazi. Komeo la juu la mlango lifungwe hata mchana.

Nyongeza ya mwanachama: Hatari ya vidole ni kubwa kuliko ya ukingo. Mlango wa roshani ukiwa wazi na mtu akafungua wa korido, upepo hupita na mlango mzito hujibamiza. Mmoja ufungwe kwanza ndipo mwingine ufunguliwe.

Swali, Tanga: Naweza kuanika kanga kwenye ukingo? Na udi?

Jibu: Vyote hapana, dada. Nguo hupeperuka ikaangukia roshani ya mtu au baharini. Bafuni mara nyingi kuna kamba ya kuvuta juu ya bomba la mvua. Kanga hukauka usiku mmoja. Kuta nyingi za vyumba ni bati, basi beba kulabu za sumaku. Udi, mshumaa na hata chetezo cha umeme huchukuliwa kwenye ukaguzi wa mizigo. Sigara nayo kampuni nyingi zimeipiga marufuku roshani, faini yake kwa kawaida dola 250.

Swali, Zanzibar: Kibla nitakijuaje meli ikigeukageuka? Dira ya simu inanipa majibu matatu.

Jibu: Chuma cha meli huidanganya. Washa televisheni ya chumbani, chaneli ya ramani: huonyesha meli inaelekea nyuzi ngapi. Ikisema 90, omo iko mashariki, na roshani ya kulia inatazama kusini. Mediterania ya magharibi kibla kiko mashariki kikiegemea kusini kidogo, karibu nyuzi 110 ukiwa Barcelona. Tandika mswala ndani. Nje upepo utaubeba.

Swali, Nairobi: Kiyoyozi chetu kilikufa kila tulipokaa nje jioni. Kilikuwa kibovu?

Jibu: Kizima kabisa, boss. Mlango una swichi: ukiwa wazi kiyoyozi hukatika, la sivyo unyevu ungeingia na dari ianze kudondosha maji. Sukumeni mlango mpaka komeo lishike, hata mkiwa nje.